Kinsi Awasimamisha Mbuzi wa Mjomba Wake

Miaka ile ya tisini, ukifika Eldas na kutaka kujua Kinsi yuko wapi, hukuwa na haja ya kuuliza. Ulitega sikio tu. Kama hakuwa akiita mbuzi, alikuwa akimgombeza punda wa mtu, au akicheka kwa sauti juu ya jambo ambalo mumewe, Warsame, hakuliona la kuchekesha hata kidogo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye haraka ya kudumu. Hata kwenda kuazima chumvi alikwenda mbio, shali likipepea nyuma.

Mbuzi ndio waliokuwa maisha yake. Aliwajua kwa mama zao na bibi zao, akajua yupi mkorofi, yupi mlafi, yupi ambaye hakukamika mpaka umwimbie. Na kulikuwa na jambo moja lililokaa moyoni mwake tangu mwaka alioolewa. Mwaka huo kundi zima la mama mkwe wake liliingiwa na kikohozi, ule ugonjwa ambao Wasomali wanauita sambab, yaani mapafu. Mbuzi walikohoa, wakatoa povu, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Watu walihamisha zizi, wakasoma dua, wakasema ni upepo mbaya, wengine wakasema ni jicho la mtu. Wakati wa mvua zizi lile lililokuwa na kelele kama soko lilikuwa kimya. Kinsi, bi harusi wa juzi, alimuuliza kila mtu: "Kwa nini?" Hakuna aliyemjibu.

Kwa hiyo ofisi ya mifugo ya Wajir na chama cha wafugaji walipotangaza kwamba watafundisha watu wa kila kituo kutibu na kukinga mifugo, Kinsi hakulala kwa furaha. Wazee walikuwa wameshataja wanaume wa kwenda. Rafiki yake Bishara, mwanamke mnene mwenye mkokoteni wa punda wa kuuzia maji, alikwenda moja kwa moja kwa mzee Yarrow, mwenyekiti wa kamati ya kisima.

"Mzee Yarrow, hapa Eldas nani anakama mbuzi?"

"Wanawake."

"Mbuzi akizaa kwa shida, nani anaamshwa?"

"Kinsi," akasema mzee, akajua ameshanaswa. Akacheka mpaka ndevu zake zilizotiwa hina zikatikisika. "Haya, aende. Lakini asiturudishie maneno matupu."

Kinsi alikaa Wajir mwezi mzima. Aliporudi alishuka kwenye lori la miraa kabla halijasimama sawasawa, mkoba wa turubai begani, akakimbia mpaka nyumbani.

"Warsame! Warsame! Si upepo! Si jicho la mtu! Ni kijidudu! Kinatoka kwa pumzi ya mbuzi mgonjwa kinaingia kwa mbuzi mzima, pua kwa pua! Na chanjo ipo! Ipo, Warsame!"

Warsame alikuwa akinywa chai. Alikuwa mtu wa maneno machache, labda kwa sababu nyumba ile ilikuwa na maneno ya kutosha. "Waalaikumu salaam," akasema, akiitikia salamu ambayo hakuwa amepewa.

Toka siku hiyo Kinsi akawa na sheria zake, na sheria zenyewe akazitangaza kila alipokuta watu wawili wamesimama. Mbuzi mgeni, awe wa mahari, wa sokoni au wa zawadi, asiingizwe zizini siku anayofika; akae kando mwezi mmoja aangaliwe kwanza. Anayekohoa atengwe. Aliyekufa azikwe shimo refu, asikokotwe katikati ya wazima. Dawa ikianzwa imalizwe, hata kama mnyama ameanza kuchezacheza. Nyuma ya nyumba yake alizungusha uzio wa miiba kwa ajili ya mbuzi wageni, na wachekeshaji wa Eldas wakauita hoteli.

"Kinsi, hoteli ina nafasi?"

"Ipo! Lakini chakula ujiletee!"

Wengine walifuata sheria zile, wengine walizisikia tu. Ndipo ikaja jilaal, kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka wa tisini na sita. Malisho ya mbali yalikwisha, mabwawa yakakauka, na mifugo ya kila upande ikaanza kuelekea kisima cha injini cha Eldas.

Asubuhi moja Bishara alikuja na mkokoteni mtupu, punda wake akitweta.

"Kinsi! Nimemwona mjomba wako Siyad! Yuko njiani anakuja na mbuzi wengi kama changarawe!"

Kinsi alirusha kibuyu cha maziwa hewani, na Warsame akakidaka. Siyad! Kaka wa mama yake, aliyempa mbuzi wake wa kwanza akiwa msichana mdogo! Miaka ya mapigano ya koo ilifunga njia, na hawakuwa wameonana tangu wakati huo. Alikwisha kujifunga shali kiunoni tayari kukimbia, akaona Bishara hatabasamu.

"Nini? Sema!"

"Wanakohoa, Kinsi. Nimesimama karibu nao. Wanakohoa kama wazee wa tumbaku."

Kinsi alichukua mkoba wake. Akapanda mkokoteni wa Bishara, nao wakaenda mbio mpaka kwenye laga, ule mto mkavu wa mchanga ulio upande wa mashariki, mwendo mfupi tu kutoka kisimani. Vumbi lilikuwa limesimama kama ukuta. Ndani yake akamwona mzee mrefu, fimbo mabegani, kilemba kimegeuka rangi ya udongo.

"Abti!" akapiga kelele.

"Abti!" mzee akajibu, maana mjomba na mpwa huitana jina hilo hilo moja. Akatupa fimbo chini, akamshika Kinsi mikono yote miwili. Walicheka, wakaulizana habari za walio hai, wakawaombea waliokufa. Mke wa Siyad, Arbia, alikuja nyuma na ngamia wa mizigo, midomo imepasuka kwa kiu, macho bado yana moto. Kinsi alimkumbatia naye. Furaha ile ilikuwa ya kweli, lakini chini yake masikio yake yalikuwa yakisikia kitu kingine. Kohoo. Kohoo. Huku, kule, katikati ya kundi.

Akamwona mbuzi mmoja amesimama peke yake, miguu ya mbele ameipanua, shingo ameinyoosha, uzi mrefu wa mate unaning'inia mdomoni. Akampima joto. Zebaki ilipanda bila kusita. Akaweka sikio ubavuni, akasikia mlio kama wa ngozi kavu inayokunjwa.

"Abti, wangapi wamekufa njiani?"

Siyad akatazama upande mwingine. "Safari ni ndefu. Mbuzi hufa."

"Mwambie," Arbia akasema. "Kila tunapolala tunaacha mizoga. Mwambie mtoto wa dada yako."

Aliuona ugonjwa ule wa mwaka wake wa arusi umesimama mbele yake kwa miguu minne, na safari hii alijua jina lake, njia zake na mahali pa kuukata. Hakujua kama anachohisi ni hofu au furaha. Vilikuwa vyote.

"Abti, simama hapa hapa. Usivuke laga."

"Nisimame?" Siyad akadhani hakusikia. "Hapa hakuna maji."

"Birikani pale mbuzi wa Eldas wote wanakunywa bega kwa bega. Wako wakifika, watawapumulia. Mvua ikija hakutakuwa na mbuzi wa kukamwa, si wenu, si wetu."

Uso wa mzee ukakunjamana. "Nimetembea kutoka upande wa Elwak. Mbuzi wangu wamesahau ladha ya maji. Nimefika kwa watu wangu, na mtu wa kwanza kunipokea ni damu ya dada yangu, naye ananinyima kisima?"

"Sikunyimi maji! Nakunyima birika!" Kinsi akapaza sauti. "Maji yatakuja hapa."

"Yatakuja kwa miguu gani?"

Hilo Kinsi hakuwa amelifikiria. Alifungua mdomo, na jibu likatoka lenyewe. "Kwa yangu ukipenda! Lakini yatakuja leo, kabla ya alasiri. Nikishindwa, vuka, na mimi nitakufungulia njia."

Aliyeamua ni Arbia. Alimvuta ngamia wake kamba, akamlaza chini mchangani, akaketi kwenye kivuli chake. "Mimi nimefika," akasema.

Kule kisimani habari zilikuwa zimemtangulia Kinsi. Vijana wenye fimbo walikuwa wamejipanga upande wa mashariki, wakisema hakuna mbuzi mgonjwa atakayepita. Wengine walikuwa wakiwafokea: tangu lini mtu wa Eldas akamfukuza mgeni mwenye kiu? Mzee Yarrow alisimama katikati, mikono juu, akiomba watu washushe sauti. Amani ilikuwa bado changa kule, na kila mtu alijua jambo kama hilo linaweza kufika wapi.

Kinsi akaruka kutoka kwenye mkokoteni. "Wasije hapa!"

Wale wenye fimbo wakashangilia.

"Na wapewe maji!"

Wale wengine wakashangilia. Kisha wote wakatazamana.

"Sasa Kinsi," mzee Yarrow akasema, "uko upande gani?"

"Pande zote mbili! Mbuzi wakae laga, maji yaende laga! Mikokoteni ipo, ngamia wapo, mitungi ipo! Ugonjwa huu haumshiki punda, haumshiki ngamia, haumshiki mtu. Unamshika mbuzi anayepumuliwa na mbuzi. Tukiwatenganisha tu, wazima watabaki wazima!"

Injini ya kisima ilikuwa ikiguruma peke yake. Kinsi aliona watu wanapima kwa macho umbali wa laga, wanapima kiangazi, wanapima mgongo wao. Bishara hakupima kitu. Aligeuza punda wake, akarudisha mkokoteni nyuma mpaka kwenye bomba, akaanza kujaza mitungi.

Mzee Yarrow alimtazama Bishara akijaza mtungi wa kwanza, na wa pili. Akavua koti lake, akalitundika kwenye mlango wa chumba cha injini. "Injini isizimwe," akasema, "mpaka mbuzi wa mgeni washibe. Wetu watasubiri zamu."

Basi hapo ndipo Eldas ilipolipuka! Mikokoteni ilipangana kwenye bomba, punda wakilia, wanawake wakipokezana mitungi, maji yakimwagika miguuni na kila mtu akipiga kelele kwamba mwenzake anamwaga. Waliokuwa na ngamia wakawapakia mitungi pande mbili. Vijana wale wa fimbo, waliokuja kupigana, sasa waliziweka fimbo begani wakaning'iniza mitungi juu yake. Warsame alitoweka kidogo, akarudi na turubai kubwa mgongoni, na Kinsi alipoliangalia vizuri akalitambua.

"Warsame! Hilo si paa letu?"

"Ndilo," Warsame akasema. "Mvua haipo."

Walichimba handaki la kina kifupi mchangani katikati ya laga, wakalitandaza turubai ndani, nalo likawa birika. Mtungi wa kwanza ulipomwagwa, mbuzi kule ng'ambo walinusa maji. Kundi zima likainua vichwa. Siyad na wachungaji wake walijipanga kuwazuia, wakawaachia kwa mafungu, wachache wachache, kwanza wenye watoto, kisha madume. Kinsi alikimbia huku na huku akipanga mambo kama mwenye arusi. "Mikokoteni isivuke! Mwagia upande huu! Wewe, peleka mbuzi wako mbali, unaleta mbuzi kutazama nini?" Kila fungu liliposhiba wanawake walipiga vigelegele, na kila fungu lilipotoka na matumbo yamevimba, Siyad alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeona kitu asichokuwa na jina lake.

Alasiri ilipoadhiniwa, mbuzi wa mwisho alikuwa akilamba turubai. Mzee Siyad alikuja mpaka ukingo wa laga, hakuvuka. "Abti," akaita, "nimekunywa maji ya visima vingi. Haya sijawahi."

Siku hiyo hiyo kituo cha polisi kilipiga redio Wajir kwa ofisi ya mifugo. Jibu likaja kwamba daktari atafika na chanjo, lakini gari lilikuwa Griftu, wasubiri kidogo. Eldas ikasubiri, ikiendelea kubeba maji. Na kabla daktari hajafika, akafika mtu mwingine.

Alikuja na lori, akalisimamisha ng'ambo ya laga, karibu na mbuzi wa Siyad. Alikuwa dalali wa mifugo, mnene, mchangamfu, ameshasikia kwamba kuna mzee mwenye mbuzi wasioruhusiwa kutembea. Kinsi alipofika akikimbia, mbao za kupandishia mbuzi zilikuwa zimeshaegemezwa kwenye lori.

"Nawachukua wote," dalali alikuwa akimwambia Siyad. "Bei si nzuri, nakubali, lakini kesho wakifa utapata nini? Mimi nawapeleka Garissa sokoni, mambo yamekwisha."

Kinsi alimwona mjomba wake anavyotazama mbuzi wale, maisha yake yote, huku mwingine akianza kupanua miguu na kunyoosha shingo. Hakuweza kumlaumu.

"Abti, usimpe," akasema. Safari hii hakupiga kelele. "Soko la Garissa linakutanisha mbuzi wa kila pembe. Watakoholeana pale siku moja, kisha kila mnunuzi atakwenda na kikohozi kwake. Modogashe, Ijara, mpaka huko Tana. Kundi la nani litabaki?"

"Mama, haya ni mazungumzo ya wanaume," dalali akasema.

"Huyu ni mtoto wa dada yangu," Siyad akasema bila kumtazama. Kisha akamgeukia dalali. "Hebu nijibu neno moja. Ukifika Garissa, utawaambia wanunuzi kwamba mbuzi hawa wanakohoa?"

Dalali akacheka, cheko refu la kirafiki, kama mtu aliyesikia utani mzuri.

Cheko hilo ndilo lililoharibu biashara yake. Siyad alichukua fimbo yake. Arbia alimtangulia: alikwenda akaketi juu ya zile mbao, akatandaza nguo yake vizuri, akaanza kusukutua meno kwa mswaki wa mti kana kwamba yuko nyumbani. Dalali alibembeleza, akapandisha bei, akatukana kidogo, akaapa kwamba watamkumbuka. Arbia alitema mate mchangani, akaendelea na mswaki. Mwishowe lori liliondoka tupu, na Kinsi alicheka mpaka akakaa chini.

Daktari Bare alifika kesho yake. Alikuwa kijana wa Garissa, miwani imejaa vumbi, na dereva wake mtu wa bara ambaye Kisomali kilimpiga chenga. Kinsi aliliona sanduku la barafu nyuma ya Land Rover, akaona dereva anataka kulishusha kwa nguvu, akamkimbilia kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Wewe dereba! Bole bole! Hiyo dawa nataka baridi! Weka kifulini!"

"Kifuli? Kifuli gani, mama?"

"Kifuli cha miti! Hapa jua, hapa kifuli!" Akamwonyesha kwa mikono, na dereva alipoelewa kwamba ni kivuli, wakacheka wote wawili, wakalibeba pamoja kama mtoto mchanga.

Bare aliwapima mbuzi wa Siyad, akamfungua mmoja aliyekufa asubuhi hiyo, akamwonyesha Kinsi pafu moja lililogeuka gumu kama ini huku jingine likiwa zima. "Ni wenyewe," akasema. "Mliwazuia wapi?"

"Hapo walipo. Hawajavuka."

Daktari aliutazama mchanga wa laga uliochimbwa na magurudumu ya mikokoteni, akalitazama lile turubai. "Maji mlileta kwa mkokoteni?" Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Basi tuna kazi nzuri ya kufanya."

Na ilikuwa kazi! Walijenga njia nyembamba ya miiba pembeni mwa mji, mbuzi wapite mmoja mmoja. Kabla jua halijachomoza, Eldas nzima ilikuwa pale na mifugo yake. Bare upande mmoja, Kinsi upande wa pili, kila mmoja na sindano yake, na Bishara akipaka rangi nyekundu kisogoni kwa kila aliyechanjwa. Mwanzoni watu walijivuta. Mwanamke mmoja alisema amesikia sindano inatoa mimba. Kinsi hakubishana. Alimleta mbuzi wake mweupe mwenye mimba kubwa, yule aliyempenda kuliko wote, akamchanja wa kwanza mbele ya macho ya watu. "Huyu akiharibika, njooni mnicheke," akasema. Wakaanza kusukumana kuingia.

Vumbi, kelele, harufu ya mbuzi na rangi, mikono inauma, koo limekauka, na Kinsi akiimba! Aliimba wimbo wa kukamulia, maneno ameyabadilisha, akiwataja mbuzi, wenye mbuzi, na Bishara aliyejipaka rangi puani. Kila aliyepita mbele yake alikuwa mbuzi mmoja ambaye kikohozi hakingempata.

Siyad alituma ujumbe akitaka wake nao wachanjwe. Bare na Kinsi walikwenda laga pamoja, wakamweleza. Chanjo ni ya mzima. Haimponyi aliyekwisha kushikwa. Wanaokohoa watapigwa sindano ya dawa siku zote zilizopangwa bila kuruka, wakae upande wao. Walio wazima watachanjwa, wakae upande mwingine. Na kundi zima lisiondoke hapo mpaka daktari aseme.

"Na maji?" Siyad akauliza.

"Unauliza tena maji?" Kinsi akasema, na mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu alipozuiwa.

Kila siku baada ya hapo Kinsi alivuka laga na mkoba wake. Hakuenda kwa mbuzi wake akitoka huko. Alioga kwanza, akabadilisha nguo, akafua alizovaa. Arbia alimfuata hatua kwa hatua, akiwashika mbuzi, kisha akishika kipimajoto, kisha sindano. Mwanzoni aliuliza kabla ya kila sindano. Baadaye alikuwa akimwambia Kinsi, "Huyu bado, mrudie," na Kinsi akapima tena akaona ni kweli. Hawakuwaponya wote. Mbuzi kadhaa walikufa, akiwamo dume kubwa ambalo Siyad alilipenda, naye alilizika kwa mikono yake. Lakini asubuhi moja Kinsi alisimama kwenye ukingo wa laga kama kawaida, akatega sikio. Akasikia kengele za mbao. Akasikia watoto wa mbuzi wakilia. Akangoja. Hakusikia kohoo hata moja.

Aliteremka mbio, akapoteza kiatu mchangani, hakurudi kukichukua.

Upande wa Eldas hakuna mbuzi aliyeshikwa. Mbuzi mweupe wa Kinsi alizaa mapacha, na yule mwanamke wa maneno ya mimba akaja kuomba mmoja.

Bare aliporudi kutoka Wajir, alitembea katikati ya kundi la Siyad kutwa nzima, akipima, akisikiliza, akichunguza macho na pua. Kisha akainua mkono. "Wavuke."

Watu wote walikuwa wamepanga mstari. Mbuzi wa Siyad waliteremka laga, wakapanda upande wa pili, wakapita katikati ya vigelegele mpaka kisimani, na mzee Yarrow mwenyewe akafungua bomba la birika. Siyad alisimama kando ya maji, mikono juu ya fimbo, akiwatazama wakinywa. Yarrow alisimama karibu naye. Wazee wale hawakusema lolote muhimu. Walizungumzia mawingu.

Mvua ilipokuja na malisho kuota, Siyad alifungasha kurudi upande wa Elwak. Bare alikuwa ameahidi kwamba mafunzo yajayo yatakuwa na nafasi ya Arbia, na chama cha wafugaji kimekubali. Asubuhi ya kuondoka Arbia alipita nyumba kwa nyumba akiaga, akimwambia kila mtu kwamba sasa watu wa kwao watamwona, wataona zizi la wageni, wataona sheria! Siyad alilalamika kwamba nyumba yake nayo imepata mwenye kelele.

Kinsi aliwasindikiza mpaka barabarani. Alimwambia Arbia mambo ambayo alikuwa ameshamwambia mara nyingi: atenge, apime, azike, amalize dawa. Arbia aliyarudia yote huku akikaza mizigo ya ngamia wake, wakazungumza wote wawili kwa wakati mmoja, na Siyad akawaacha akatangulia na mbuzi.

Walikuwa bado wameshikana mikono Bishara alipotokea nyuma akipiga mayowe na kupunga shali. Mbuzi wake alikuwa akizaa, mguu mmoja umetoka na mwingine umekwama. Kinsi alimbusu Arbia shavuni, akageuka, akaanza kukimbia kwenye matope.